Proteoglaikani: Wingi wa Chaji au Mahali Pake?

Proteoglaikani ni protini iliyobeba minyororo mirefu ya sukari, na minyororo hiyo imejaa salfati zenye chaji hasi. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni kama kazi yake mwilini inatokana na wingi wa chaji hizo, au na mahali hasa kila salfati ilipokaa.

Wanaoshikilia wingi wana gegedu la goti upande wao. Agrekani, proteoglaikani kuu ya gegedu, hubeba takriban minyororo 100 ya kondroitini salfati, aina mojawapo ya minyororo hiyo, kwenye protini moja. Chaji hasi husukumana na kuvuta sodiamu, na sodiamu huvuta maji. Gegedu lingezidi kuvimba kama nyuzi za kolajeni zisingelibana. Maji hayo ndiyo hupokea uzito wako unapokimbia. Sidhani goti lingegundua salfati moja ikihama.

Upande wa pili hutaja heparini, mnyororo wa aina hiyo hiyo unaotumika kama dawa ya kuzuia damu kuganda. Kinachoshika antithrombini, protini ya damu inayozuia kuganda, ni kipande cha sukari tano tu. Salfati ya kaboni ya tatu kwenye sukari ya katikati ikikosekana, mshiko karibu unapotea. Ushahidi mzito huo. Lakini panya walioondolewa kimeng'enya kikuu cha kuweka salfati hiyo hawakuonekana kugandisha damu kupita kawaida, jambo ambalo watetezi wa mpangilio hulipita haraka mno. Tena minyororo hii haina kiolezo kama protini zilivyo na DNA: vimeng'enya huweka salfati hapa, vikaruka pale. Kuiita msimbo ni kuipamba.

Kwangu kipimo bora ni malaria ya ujauzito. Mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy, wakichunguza kondo la nyuma la kina mama wa magharibi mwa Kenya, walionyesha kuwa chembe nyekundu za damu zenye Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, hunasa kwenye kondroitini salfati A. Kama chaji ndiyo kila kitu, mnyororo wenye salfati nyingi zaidi ungenasa zaidi. Sivyo. VAR2CSA, protini ya kimelea inayoshika, hupendelea mnyororo wenye salfati chache zilizo kwenye kaboni ya 4. Zikiwa kwenye kaboni ya 6, haishiki. Na bado haidai mfuatano mmoja kamili, mradi kipande kiwe na sukari kama 12.

Chanjo za majaribio PAMVAC na PRIMVAC zinalenga VAR2CSA. Mnyororo wenyewe haulengwi kirahisi: ni wa mama, na jamaa zake wamejaa mwili mzima, magotini wakiwemo.