Saa tisa usiku, ipi?

Tiketi ilisema Jumatano, 03:10. Shemeji yangu, mhasibu wa miaka mingi ambaye hata senti moja haimpotei, alifika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam Jumatano hiyo saa kumi na mbili jioni, masanduku mawili na boksi la maembe juu ya toroli, akiwa na saa tatu za akiba kabla ya safari yake ya Muscat. Ndege ilikuwa imeshaondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Yeye 03:10 aliisoma saa tatu na dakika kumi usiku. Shirika lilimaanisha saa tisa na dakika kumi usiku. Pande zote mbili zilisema usiku, zote zilisema Jumatano, na wa kuulaumu moja kwa moja hakupatikana.

Maembe yalirudi nyumbani na mjadala ukaanza yakiwa bado yanamenywa. Binti yake, anayesomea kompyuta, alisema hii saa ya Kiswahili tuiache, dunia imeshaamua. Mama mkwe akajibu kwamba saa yetu haina kosa lolote, kosa ni la tiketi. Nimewafikiria wote wawili tangu siku ile, na kila mmoja ana hoja nzito kuliko alivyoieleza.

Tuanze na binti. Mtazame mtu wetu yeyote akiulizwa saa. Mkono mfupi umelala kwenye nane, mdomo unasema mbili. Waethiopia nao huhesabu kuanzia jua linapochomoza kama sisi, lakini wengi wao hutega saa zao kwa hesabu hiyo, kwa hiyo jicho na mdomo vinakubaliana. Sisi tumetega saa kwa hesabu ya Ulaya na kuuacha ulimi kwenye hesabu ya nyumbani. Mtoto wa darasa la pili anayelia mbele ya saa ya ukutani ana haki ya kulia.

Wala si kweli kwamba desturi ya namna hii haing'oki. Waturuki wa enzi za Dola ya Uthmaniya walihesabu saa kuanzia magharibi: jua likizama, saa kumi na mbili kamili, na saa ya mfukoni ilibidi irekebishwe mara kwa mara maana jua halizami wakati uleule kila siku. Mwanzoni mwa 1926 serikali ya Jamhuri ya Uturuki ikahamia saa ya Ulaya kwa sheria. Waliolalamika walikuwepo, bila shaka, lakini wajukuu wao hawaikumbuki ile ya zamani.

Sasa mama mkwe. Hoja yake ni jua, na kwa mahali tunapoishi ni hoja ya kisayansi. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki saa moja. London, Desemba mchana hauna hata saa 8, Juni unapita 16. Mtu wa kule akihesabu kuanzia jua linapochomoza ataumia, kwa hiyo saa za mitambo zilipoenea Ulaya, hesabu yenye saa zinazolingana, mchana na usiku, kiangazi na baridi, ikawa afadhali. Wakaishia kuanza siku katikati ya usiku, wakati ambao hakuna anayeuona kwa macho. Kwetu saa moja ni mwanga unapokamilika na saa kumi na mbili ni unapokwisha. Asiye na saa mkononi anaweza kukadiria kwa kutazama kivuli chake.

Waroma wenyewe walikuwa huku kwetu. Waligawa mchana mafungu kumi na mawili, na saa ya sita ilikuwa adhuhuri; neno siesta la Wahispania, usingizi wa mchana, limetokana na hiyo sita ya Kilatini. Ndiyo maana msomaji wa Biblia ya Kiswahili anapofika Mathayo 20, kwenye mwenye shamba anayetoka kuajiri vibarua saa tatu, saa sita, saa tisa na mwishowe saa kumi na moja, hahitaji maelezo ya pembeni. Anajua wale wa mwisho waliingia shambani jua likielekea kuzama, na anaelewa kwa nini wa kwanza walinung'unika. Msomaji wa Kiingereza huambiwa chini ya ukurasa kwamba saa kumi na moja ile siyo ya kwake.

Na tusidhani saa ya Ulaya imenyooka. Ile ya AM na PM inakwenda 11 AM, kisha 12 PM, kisha 1 PM, yaani herufi zinageuka kabla hesabu haijaanza upya. Adhuhuri ni PM na usiku wa manane ni AM, na wapo Waingereza na Wamarekani wazima wanaolikosea hilo hadi leo. Binti atasema ndiyo maana kuna saa ya 24. Sawa, lakini tiketi ya baba yake iliandikwa kwa saa ya 24.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba wote wawili wanagombea kitu kisicho chenyewe.

Niliwahi kupokea ujumbe wa Kiswahili kwenye simu ukinikumbusha miadi ya "saa 8:00 asubuhi". Nilicheka, sikuchelewa. Hakuna saa nane asubuhi katika Kiswahili; saa nane ni ya mchana au ya usiku. Nikajua papo hapo kwamba mtafsiri amechukua nane ya Kiingereza, nikaenda saa mbili. Neno asubuhi lilifanya kazi ile inayofanywa na tarakimu ya mwisho ya nambari ya kadi ya benki, ambayo ipo ili ukikosea kuandika, mashine igundue. Jaribu nyingine: saa mbili mchana haipo, saa tano jioni haipo. Mchana kutwa lugha inajilinda yenyewe.

Usiku hailindi. Saa tisa usiku ipo, na ukiikosea kwa tisa ya Ulaya bado ni usiku. Saa tatu usiku ipo, na tatu ya Ulaya pia ni usiku. Nane, kumi, nne, zote hivyohivyo. Neno usiku limetandazwa juu ya saa nyingi mno, na kukosea kwa saa sita hakukutoi ndani yake. Ongeza swali la siku inaanza wapi. Kalenda inageuka saa sita usiku. Kwa Waislamu siku huingia magharibi, na kwa wazee wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi mchana. Hesabu ya saa inaanza upya asubuhi na jioni. Milango mitatu hiyo, na shemeji alipita ule ambao shirika la ndege halikuutumia.

Nilijaribu kuiona shida hii kwa mkono wangu. Ndani ya simu hakuna saa tatu wala tisa. Mifumo mingi ya kompyuta inahesabu tu sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku ya Greenwich, na tafsiri inafanyika mwisho kabisa, kwenye kioo. (Mifumo ya kizamani inayotunza hesabu hiyo kwa biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, kwetu ikiwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi.) Kwa hiyo nikaona rahisi: nikaitega simu kwa saa za Buenos Aires, ambao wako nyuma yetu saa sita kamili. Kioo kikaanza kuongea Kiswahili. Saa mbili asubuhi ikasomeka 2:00, saa tano ikasomeka 5:00. Raha ya ajabu. Jioni nikataka kengele ya kuniamsha saa kumi na moja alfajiri, ikabidi niitege 11:00 PM ya siku ambayo kwangu ingekuwa imeshakuwa jana. Na tarehe ilikuwa inageuka jua likichomoza. Nilivumilia siku mbili.

Kutoa sita, basi, ni kazi ndogo ambayo programu yoyote inaweza. Kazi kubwa ni mpaka wa siku.

Kuna anayeweza kusema tumezoea kuishi na hesabu zinazogongana, mbona hili litushinde. Ni kweli. Jumatano ni ya tano kwa kuanzia Jumamosi, na kesho yake Alhamisi nayo ni ya tano, ila kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Tano mbili zimekaa jirani na hakuna harusi iliyokosewa kwa sababu hiyo. Septemba maana yake ni ya saba, nayo ni ya tisa, tangu mwaka wa Kiroma ulipokuwa ukianza Machi. Mfunguo mosi wetu ni mwezi wa kumi wa Hijria. Hata juma la miungu ya Kiroma lilipangwa kwa kanuni ambayo hakuna anayeikumbuka: kila saa ilipewa sayari yake kwa zamu, Saturn, Jupiter, Mars, Jua, Venus, Mercury, Mwezi, na siku ikachukua jina la sayari ya saa yake ya kwanza. Mwanahistoria Cassius Dio alilieleza hivyo. Ishirini na nne ukiigawa kwa saba inabaki tatu, ndiyo maana baada ya siku ya Saturn inakuja ya Jua, kisha ya Mwezi. Juma hilo lilianza na Saturn, yaani Jumamosi, kama letu. Ni sadfa tu, lakini nimeipenda.

Haya yote hayatuumizi kwa sababu hakuna anayeyahesabu, yameshakuwa majina. Anayesema Septemba hafikirii saba. Na kwa saa ya mishale hata sisi hatuhesabu: mkono ukilala pale chini kidogo upande wa kushoto, jicho linaona saa mbili, kama mtu anavyoitambua sura. Hesabu ya kuongeza na kutoa sita ilikuja na tarakimu za kwenye kioo na kwenye karatasi, 03:10, zisizo na sura.

Kwa hiyo mdomo siuhukumu. Siungi mkono kuiacha saa ambayo mtoto anaweza kuiona angani, na sioni serikali yetu ikitunga sheria ya Uturuki. Lakini binti amenishinda kwenye maandishi. Kadi ya mwaliko inayosema "saa 2:00 usiku" imechukua vazi la saa ya kidijitali ikaweka ndani yake hesabu ya jua, na magazeti yetu hufanya hivyo kila siku. Nitapendelea maneno yabaki ya kwetu, saa mbili usiku, na tarakimu zenye nukta mbili ziachiwe dunia, 20:00. Na jambo lolote la kati ya saa sita usiku na alfajiri liandikwe kwa kuamkia, neno tulilonalo tayari na ambalo taarifa za habari hulitumia vizuri kuliko mashirika ya usafiri.

Shemeji alipata tiketi nyingine wiki iliyofuata, ndege ileile, 03:10. Alinipigia nikiwa kazini, hakusalimu.

"Shemeji, hii ni saa ya tarawehe au ya daku?"