Kodi ya Paje na mzigo wa masika

Mtu akipata kazi ya hoteli Paje, Jambiani au Nungwi, vijiji vya utalii vya pwani ya Unguja, Zanzibar, kazi yenyewe haimtoi jasho kama kutafuta chumba. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, mwingine ya mwaka mzima, na dalali naye anadai ya mwezi mmoja kwa kumwonyesha mlango tu. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Kabla hajatandika godoro, mpangaji ametoa 700,000. Kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi Zanzibar kilichotangazwa mwaka 2024 ni 347,000. Ina maana ametanguliza mshahara wa miezi miwili ambao bado hajaufanyia kazi. Kautoa wapi? Kakopa kwa ndugu, kauza simu, au kalala watu wanne chumba kimoja mpaka apate cha kutoa.

Lawama zote hapo humwangukia mwenye nyumba. Ana tamaa, wanasema, anawakamua wageni kutoka bara na watoto wa mjini kwa kuwa hawana pa kwenda. Sikatai kwamba wenye tamaa wapo. Ila ukitaka kuelewa kwa nini kodi ya huku pwani inauma kuliko ya mjini, usianze na bei. Anza na kalenda.

Pwani ya mashariki na ya kaskazini ya Unguja inaishi kwa pepo mbili. Kusi ya Juni mpaka Septemba huja na likizo za Wazungu na vijana wanaorusha tiara baharini pale Paje. Kaskazi ya Desemba mpaka Februari huja na wanaokimbia baridi kwao. Kisha masika inafunga mlango. Aprili na Mei hoteli nyingine zinafungwa kabisa kwa matengenezo, nyingine zinabaki na walinzi na watu wachache wa usafi, na wengine wote "wanapumzishwa", neno la upole kwa likizo isiyo na malipo. Sevisi chaji hakuna, bahashishi hakuna. Kodi ndiyo isiyopumzishwa.

Sasa msikilize mwenye nyumba. Huyu mara nyingi si tajiri. Ni mama aliyepanda mwani miaka mingi, akajenga vyumba vitatu nyuma ya nyumba yake kidogo kidogo, tofali kwa tofali, kwa pesa ya upatu na ya mtoto aliye mjini. Bati la pwani linaliwa na chumvi. Anajua masika ikifika mpangaji anaweza kuondoka usiku na begi lake. Anayo kumbukumbu ya 2020 pia, ndege zilipokatika na vyumba vikakaa vitupu kwa miezi. Kudai miezi sita kwake ni kinga. Anachukua pesa ya msimu ili imfikishe ng'ambo ya mvua.

Yapo pia ya zamani. Wenyeji wengi waliachia viwanja vya ufukweni kwa pesa ndogo utalii ulipoanza kupamba moto, na ukuta wa hoteli sasa umesimama pale minazi ya babu ilipokuwa. Vyumba vya kupangisha ndiyo sehemu pekee ya utalii iliyobaki mikononi mwao bila kumwomba mtu kazi. Anayetaka serikali iweke kikomo cha kodi afikirie kwanza kikomo hicho kitamkamata nani. Kitamkamata huyu mama, si hoteli.

Kikomo chenyewe kina historia mbaya jirani. Kenya ina sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ambayo inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichoachwa nyuma na maisha zamani sana. Malindi na Diani zina msimu kama wetu, na sheria hiyo haimsaidii mhudumu wa baa wa huko.

Hata hivyo upande wa mpangaji una hoja moja ambayo mwenye nyumba hawezi kuipangua. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 736,000, katika visiwa vyenye watu wapatao milioni 1.9. Chumba kikipakwa rangi, kikawekwa feni na neti nyeupe, mgeni anaweza kukilipia kwa usiku mmoja pesa ambayo mfanyakazi angetoa kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kila msimu vyumba vingine vinahama kutoka kwa wapangaji kwenda kwa wageni wanaokodi kwa mtandao, na mpangaji anaambiwa ahame Novemba, wakati ule ule kazi inapoanza kuchanganya. Hapo si kinga tena. Na anayeumia si mbara peke yake: kijana wa Jambiani anayetaka kuoa anagombea chumba hicho hicho.

Nimewasikiliza wote wawili na naona wanarushiana mzigo mmoja, yaani hasara ya masika. Mwenye nyumba anautupa kwa mpangaji kwa kudai miezi sita. Mpangaji akishindwa anaurudisha kwa kutoroka. Yule anayevuna faida ya msimu mzima, hoteli, hayumo katika ugomvi huu kabisa, ilhali yeye ndiye aliyeamua kwamba mfanyakazi ni wa msimu tu.

Hapa ndipo ningeelekeza nguvu. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mwekezaji wa ufukweni hukodishwa kwa mkataba wa miongo kadhaa. ZIPA, mamlaka ya uwekezaji, humpa na misamaha ya ushuru juu yake. Mtu aliyehakikishiwa makazi ya biashara yake kwa muda mrefu hivyo anaweza kutakiwa ajenge nyumba za wafanyakazi, au alipe angalau nusu mshahara Aprili na Mei. Wapo wanaojenga tayari, kwa hiyo haliwezi kuitwa jambo lisilowezekana. Watasema gharama zitapanda na wageni watakwenda kwingine. Kwa nyumba ndogo ya wageni ya vyumba sita naikubali hoja hiyo, na ningeiondoa katika sharti. Kwa hoteli ya vyumba mia mbili siikubali.

Hoteli ikidhamini kwa barua kodi ya miezi miwili ya mvua, mwenye nyumba hana tena sababu ya kudai sita, na sheria ya kuzuia zaidi ya mitatu ingeweza kupita bila kumwonea.

Wanaobaki nje ya mpango huu ni wale wasio na mwajiri: wauza vinyago, wasukaji nywele, mapapasi, yaani vijana wanaowatembeza na kuwatafutia wageni huduma, na wapishi wa vibanda. Barua yao ataandika nani? Kwao njia ninayoiona ni vyumba vya bei nafuu vinavyojengwa na halmashauri kwa sehemu ya mapato ya utalii, mbali kidogo na ufukwe ili visimvutie mgeni, karibu na barabara ya daladala ili visimcheleweshe mtu kazini.