Ukitaka kujua msitu ni mzima, inama uangalie chini

Kuna kitu kinaniuma kila nikisikia mtu anasema msitu fulani wa mvua upo salama kwa sababu picha ya setelaiti inaonyesha kijani tupu. Mi naona hapo tunajidanganya, miti mikubwa inaweza kusimama hata miaka mia huku chini hamna mtoto wa kuirithi.

Kule chini jua linalofika ni kama asilimia 1 au 2 tu, na kwenye giza hilo unakuta mche una majani manne matano, ukiuona utasema umechipua juzi kumbe una miaka kumi na kitu, upo tu unangoja jirani mkubwa aanguke. Siku upepo ukimwangusha, jua linamwagika mpaka chini, miche iliyodumaa inaamka, na mbegu ndogondogo zilizokuwa zimelala udongoni nazo zinachipuka, zile za miti ya haraka kama Musanga wa Afrika ya Kati au Cecropia wa Amerika, inapanda mita mbili tatu kwa mwaka, inafunika pengo alafu inakufa mapema na kuwaachia nafasi wale wavumilivu. Kwa hiyo mti kuanguka sio msiba.

Msiba ni wanyama kuisha. Miti mingi ya misitu hii mbegu zake zinasafirishwa na wanyama, na mbegu ikidondoka palepale chini ya mama yake mara nyingi haitoboi, maana wadudu na kuvu wanaoshambulia aina hiyo wamejaa hapo hapo. Wanaikolojia wawili, Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971, walilieleza hili kila mtu kivyake.

Chukua mti wa njugu za Brazil kule Amazon. Tunda lake ni gumu kama mpira wa mbao, linadondoka zima na halipasuki lenyewe. Anayeliweza ni aguti, mnyama wa jamii ya panya, analiguguna mpaka linatoboka, mbegu nyingine anakula, nyingine anaenda kuzifukia mbali kama akiba, na zile asizozirudia ndo zinakuwa miti. Sasa wawindwe aguti wote uone, mti utaendelea kuzaa matunda yanayoozea chini yake, na kwenye picha ya setelaiti hakuna kitakachobadilika!

Ndo maana siamini sana kupanda mti wa aina moja mstari kwa mstari alafu tukasema tumerudisha msitu. Pale ambapo msitu wa zamani bado upo jirani, mi ningeanza kwa kuzuia moto na mitego, basi. Popo wanaokula matunda wanadondosha mbegu usiku wakiwa wanaruka, hata juu ya shamba lililoachwa. Ndege wengi wao wanataka pa kutua kwanza, na mti mmoja tu uliobakizwa katikati ya uwazi, ukienda kuchungulia chini yake unakuta miche ya aina kibao ambayo hakuna mtu aliyeipanda.