Hukumu Isiyo na Askari: Mikataba ya Biashara Humfunga Nani?

Kila nchi kubwa inapotangaza ushuru wa forodha unaokwenda kinyume na mkataba iliousaini yenyewe, kauli ileile husikika: sheria ya kimataifa ni ya wanyonge, mwenye nguvu mpishe. Wanaoisema hawajakosa ushahidi. Aprili 2, 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa msingi wa asilimia 10 kwa bidhaa za karibu nchi zote, na viwango vya juu zaidi kwa nchi kadhaa, kila moja na chake. Ibara ya kwanza kabisa ya GATT, Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara wa 1947, inataka nafuu inayopewa mwanachama mmoja ipewe na wengine wote. Hakuna askari aliyebisha hodi Washington. Hata hivyo, kauli hiyo inaichukulia sheria kama kitu kimoja kinachofanya kazi au kinachoshindwa chote. Ukiifungua ndani, utakuta sehemu inayofanya kazi kuliko inavyosifiwa, na sehemu iliyopinda tangu ilipoandikwa.

Kwenye karatasi mambo yamenyooka. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba unasema, katika ibara ya 26, kwamba mkataba unazifunga nchi zilizoukubali na lazima utekelezwe kwa nia njema. Ibara ya 27 inaziba mlango wa nyuma: nchi haiwezi kujitetea kwamba sheria zake za ndani ndizo zilizoizuia. Kwenye biashara, kigugumizi kilikuwa nani atamke kwamba kanuni imevunjwa. Chini ya GATT, ripoti ya jopo, yaani wataalamu walioteuliwa kusikiliza shauri, ilihitaji kukubaliwa na wote, akiwemo aliyeshindwa, kwa hiyo mshtakiwa aliweza kuizuia hukumu yake mwenyewe. Shirika la Biashara Duniani (WTO) lilipoanza kazi Januari 1, 1995, utaratibu uligeuzwa: ripoti hupita isipokuwa wanachama wote, pamoja na aliyeshinda, wakubaliane kuitupa. Juu ya majopo likawekwa Baraza la Rufaa lenye wajumbe 7. Tangu hapo zaidi ya mashauri 600 yamefunguliwa, na mengi yaliishia kwenye mashauriano, kabla jopo halijatoa neno.

Je, mkubwa alitii? Mara nyingine, ndiyo. Machi 2002 serikali ya George W. Bush iliweka ushuru wa hadi asilimia 30 kwa chuma kinachoingia Marekani. Jopo, kisha Baraza la Rufaa, wakasema ushuru huo umevunja kanuni. Umoja wa Ulaya ukatayarisha orodha ya bidhaa za Marekani za kulipiziwa, zenye thamani ya dola bilioni 2.2, na ndani yake wakatia mazao ya machungwa, kwa kuwa Florida ni jimbo lenye uzito wakati wa uchaguzi. (Wanaotunga orodha za namna hii husoma ramani ya kura kwa makini kuliko takwimu za biashara.) Desemba 4, 2003 Bush akauondoa ushuru. Mtetezi wa mfumo huona hapo hukumu iliyotekelezwa. Mpinzani wake huona tishio la Ulaya tu. Kila mmoja ameshika nusu. Bila hukumu, tishio lile lingejibiwa kwa tishio jingine, na vita vya ushuru vingeanza. Hukumu iliipa Ulaya haki ya kupiga bila kurudishiwa pigo. Lakini ilifaa kitu kwa sababu Ulaya ilikuwa na soko kubwa la kutishia nalo.

Hapo ndipo pa kukazia macho. WTO haitozi faini wala haiamuru fidia ya hasara iliyokwisha kutokea. Mshindwa asipojirekebisha, silaha ya mwisho ya mshindi ni ruhusa ya kusimamisha nafuu alizompa, yaani kulipiza. Na kulipiza ni kutoza ushuru bidhaa unazozihitaji mwenyewe. Kwa nchi yenye soko kubwa ni fimbo. Kwa nchi ndogo ni kujichapa.

Kisa cha Antigua na Barbuda hakina mfano. Nchi hii ya visiwa, yenye watu wasiofika laki moja wakati huo, iliishtaki Marekani mwaka 2003 kwa kuzuia huduma za kamari kupitia intaneti, ikashinda. Mwaka 2007 wasuluhishi wakairuhusu kulipiza kiasi cha dola milioni 21 kwa mwaka, na kwa kuwa kuzitoza bidhaa za Marekani kungewaumiza watu wake yenyewe, ikaruhusiwa kusimamisha ulinzi wa hakimiliki za Wamarekani. Ruhusa hiyo imebaki zaidi kwenye karatasi. Kisheria kisiwa kilishinda taifa kubwa, jambo ambalo mbele ya meza ya kawaida ya mazungumzo lisingewezekana hata kidogo. Mfukoni hakuna kilichobadilika.

Pamba inaonyesha jambo hilohilo kwa sura nyingine. Brazil ilifungua shauri mwaka 2002 kupinga ruzuku ambazo Marekani huwapa wakulima wake wa pamba. Benin na Chad ziliingia kama wahusika wa tatu, na mwaka 2003 ziliungana na Burkina Faso na Mali kuitaka WTO ishughulikie ruzuku hizo, zikidai kwamba zinashusha bei duniani na kuwaumiza wakulima wao. Brazil ikashinda, na mwaka 2005 ikashinda tena kwenye rufaa. Marekani ikajikokota hadi Brazil ilipopewa mwaka 2009 ruhusa ya kulipiza, hata kwenye hakimiliki. Mwaka 2010 yakafikiwa makubaliano: Marekani ilipe dola milioni 147.3 kwa mwaka kwenye mfuko wa kusaidia sekta ya pamba ya Brazil, nayo Brazil isilipize. Mwaka 2014 shauri likafungwa kwa dola milioni 300 nyingine. Kwa maneno mengine, aliyeshindwa alinunua muda wa kuendelea na kosa. Benin na Chad zilitoa hoja zao mbele ya jopo lilelile, lakini haki ya kulipiza ilikuwa ya mlalamikaji peke yake. Sioni njia ya kuuita utaratibu huu wa haki, ingawa najua mtetezi wake atasema bila shauri lile hata Brazil isingepata senti.

Sasa hata sehemu iliyokuwa ikifanya kazi imevunjika. Kuteua wajumbe wa Baraza la Rufaa kunahitaji wanachama wote wakubaliane. Marekani ilianza kuzuia watu mmoja mmoja tangu 2011, enzi ya Obama, na kuanzia 2017 ikazuia wote. Rufaa moja husikilizwa na wajumbe 3. Desemba 11, 2019 alibaki 1. Ni rahisi kuyaita haya ubabe, lakini malalamiko ya Marekani hayakuwa ya kubuni. Kanuni zinataka rufaa iamuliwe ndani ya siku 90, na muda huo ulikuwa ukipitwa mara kwa mara. Wajumbe waliomaliza muda wao waliendelea na mashauri waliyoyaanza. Zaidi ya yote, Marekani ilidai baraza linatunga wajibu ambao hakuna nchi iliyouridhia, hasa kuhusu hesabu za ushuru dhidi ya bidhaa zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Nchi iliyosaini mkataba ina haki ya kuuliza iwapo inafungwa na alichokisaini waziri wake au na tafsiri ya watu 3 walioketi Geneva, makao ya WTO. Swali ni zuri. Kulijibu kwa kuifunga mahakama yote ndiko nisikokubaliana nako.

Na waliofaidika na kufungwa huko si wakubwa peke yao. Indonesia ilipiga marufuku kuuza nje madini ghafi ya nikeli tangu Januari 2020, ikitaka yasafishwe nyumbani. Umoja wa Ulaya ukashtaki, na Novemba 2022 jopo likasema marufuku hiyo inavunja GATT. Mwezi uliofuata Indonesia ikakata rufaa kwenye baraza ambalo sasa halikuwa na mjumbe hata mmoja, na uamuzi, usioweza kupitishwa rufaa ikiwa haijaamuliwa, ukaning'inia hewani. Wale wanaoona sheria za biashara ni kamba inayozifunga nchi zenye malighafi zisijenge viwanda watafurahi, na kuhusu nikeli sikosi kuwaelewa. Ila njia hiyohiyo ya rufaa hewani Marekani imeitumia kuhusu ushuru wake wa chuma na alumini wa 2018. Kinga ya Indonesia ndiyo kinga ya Washington, na mwenye soko kubwa ataitumia mara nyingi zaidi.

Tangu Aprili 2020 kuna kiraka: wanachama kadhaa, zikiwemo nchi za Umoja wa Ulaya, China, Brazil na Kanada, wameunda utaratibu wa muda wa kusikiliza rufaa baina yao. Shauri lake la kwanza lilihusu chipsi zilizogandishwa ambazo Colombia ilizitoza ushuru wa ziada, na Colombia ikatangaza kwamba imejirekebisha, ingawa Umoja wa Ulaya ulilipinga hilo mwaka 2024. Marekani haimo.

Mwaka 2022 mawaziri wa WTO waliahidi kwamba ifikapo 2024 mfumo wa kutatua migogoro utakuwa umerudi kamili. Mwaka ule umepita. Mazungumzo yamezunguka zaidi kwenye rufaa: iwepo au isiwepo, ifupishwe vipi. Mwaka 2002 Mexico ilipendekeza mshindi aweze kuihamishia nchi nyingine haki yake ya kulipiza, nazo nchi za Afrika na zile maskini zaidi zikataka kulipiza kwa pamoja. Kwa Antigua, haki inayoweza kuuzwa ingekuwa na thamani kuliko ushindi wenyewe. Mapendekezo hayo hayakukubaliwa, na baraza likirudishwa kesho bila kuyagusa, Benin inayoshinda dhidi ya nchi kubwa itatoka Geneva na ripoti nzuri na bei ileile ya pamba.