Tumsubiri Anayerudia Jaribio

Tarehe 22 Julai 2023, watafiti wachache wa Seoul, Korea Kusini, waliweka mtandaoni rasimu za utafiti wao wakidai wamepata kitu ambacho wanafizikia wamekisaka kwa zaidi ya karne moja: superkondakta inayofanya kazi katika joto la kawaida, bila kupozwa wala kugandamizwa. Waliipa jina LK-99. Haikuchukua siku nyingi, video ya kipande cheusi kilichonyanyuka upande mmoja juu ya sumaku, kama superkondakta inavyoelea, ikazunguka dunia, na vichwa vya habari vikatangaza zama mpya za nishati.

Shauku ile ilikuwa na msingi. Superkondakta hupitisha umeme bila ukinzani hata chembe, ilhali waya wa kawaida hupoteza sehemu ya umeme kwa kuugeuza joto. Heike Kamerlingh Onnes aliligundua jambo hili mwaka 1911 huko Leiden, Uholanzi, alipoipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Baridi hiyo ndiyo kikwazo mpaka leo. Sumaku za mashine nyingi za MRI hospitalini huzamishwa kwenye heliamu ya kimiminika ili zifanye kazi, na heliamu ni ghali. Mtu akikuambia amepata superkondakta isiyohitaji baridi kabisa, na kwamba inavumilia hadi nyuzi 127 za Selsiasi, ana haki ya kusikilizwa.

Lakini kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike, maana wengi walioisikia habari ya kwanza hawakuisikia ya pili.

Maelekezo ya kuitengeneza LK-99 yalikuwa mepesi kwa maabara yoyote ya kemia: risasi, shaba, fosforasi na tanuru. Kwa hiyo maabara za China, India, Marekani na Ujerumani zilianza kuipika mara moja. Baadhi walipata vipande vilivyonyanyuka upande mmoja kama vile vya kwenye video, wakavipima, wakakuta ni sumaku dhaifu tu za aina inayofahamika siku zote. Kunyanyuka kukawa kumepata maelezo. Ukabaki ukinzani: rasimu ilionyesha grafu ambayo ukinzani unaporomoka ghafla, na hiyo ndiyo dalili inayotarajiwa kwa superkondakta.

Hapo ndipo Prashant Jain, mkemia wa Chuo Kikuu cha Illinois, alipoona namba aliyoitambua. Mporomoko ulitokea kwenye nyuzi 104.8. Jain aliwahi kufanya utafiti juu ya salfaidi ya shaba, na alijua kwamba dutu hiyo hubadilisha umbile lake la ndani kwenye nyuzi 104 hivi, na ukinzani wake hubadilika papo hapo. Tena salfaidi ya shaba huzalishwa kama mabaki wakati LK-99 inachomwa. Yaani kilichopimwa kilikuwa uchafu uliobaki ndani ya sampuli. Kisha watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Stuttgart wakatengeneza fuwele safi zisizo na mabaki hayo. Zilitoka na rangi ya zambarau, zenye kupenyeza mwanga, na badala ya kupitisha umeme bila ukinzani zilikuwa kihami, zenye ukinzani wa mamilioni ya omu. Katikati ya Agosti shauri likawa limekwisha. Chini ya mwezi mmoja.

Nimewasikia wengi wakitumia visa vya namna hii kusema kwamba wanasayansi hawaaminiki, leo wanasema hili na kesho lile. Naona wameisoma hadithi kinyume kabisa. Waliobomoa dai la LK-99 ni wanasayansi, na waliibomoa kwa kuitengeneza wenyewe mezani kwao. Hakuna aliyesema “haiwezekani” akaishia hapo. Dai lilitoka na maelekezo yake, wengine wakayafuata, sababu ikapatikana hadi kwenye namba moja ya joto. Nionyesheni uwanja mwingine wa maisha ambao madai makubwa hukaguliwa hivyo, hadharani, na watu wasio na faida yoyote ya kuyakagua.

Na kweli hawana faida. Anayetangaza jambo jipya hupata jina, fedha za utafiti na kurasa za mbele. Anayerudia jaribio na kukuta halikubali hupata aya chache katika jarida ambalo hakuna mwandishi wa habari atakayelifungua. Hili linaniuma, kwa sababu bila huyu wa pili huyo wa kwanza hana thamani. Tungekuwa tumejaa madai tusiyoweza kuyatofautisha na porojo.

Wapo wanaolijua hili na kuliishi. Mwaka 2011 kundi la watafiti liitwalo OPERA lilipima nyutrino, chembe ndogo mno, zilizorushwa kutoka maabara ya fizikia ya CERN, karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730, likakuta zimefika mapema kuliko mwanga kwa takriban nanosekunde 60, yaani sehemu 60 za bilioni za sekunde. Walikagua kwa miezi kabla ya kusema, na waliposema waliwaomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa. Kosa likapatikana: kebo ya faiba iliyokuwa haijaunganishwa sawasawa. Kifaa kingine katika maabara hiyohiyo, ICARUS, nacho kilipima na kukuta nyutrino haziupiti mwanga. Magazeti yaliandika kwamba Einstein, ambaye nadharia yake inasema hakuna kinachoupita mwanga, amepinduliwa. Wenyewe hawakuwahi kusema hivyo.

Kuna upande mchungu zaidi. Februari 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyoashiria uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Watoto 12! Idadi hiyo pekee ilitosha kumwambia kila mhariri asubiri. Badala yake vyombo vya habari viliibeba kwa miaka, na wazazi wengi wakaacha kuwachanja watoto wao. Ilichukua mpaka 2010 kwa jarida kuifuta makala ile, na mwaka huohuo Wakefield akafutwa kwenye daftari la madaktari la Uingereza, baada ya uchunguzi kumkuta na utovu wa uaminifu. Wakati huo waliorudia swali lile walikuwa wameshalijibu mara nyingi, na wameendelea kulijibu. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2019 ulifuatilia zaidi ya watoto 650,000 na haukukuta chanjo hiyo ikiongeza hatari ya usonji. Weka 650,000 kando ya 12. Hata hivyo ukimuuliza mpita njia, uwezekano ni mkubwa kwamba amesikia ile ya watoto 12.

Ndiyo maana siamini kwamba uzushi wa kisayansi huletwa na ujinga wa watu. Watu walipewa sura ya kwanza ya habari kwa sauti kubwa, wakanyimwa ya pili. Sasa tunawalaumu kwa kuamini walichopewa. Mhariri aliyeweka dai kwenye ukurasa wa mbele ana deni la kuweka matokeo ya marudio palepale, kwa herufi za ukubwa uleule, hata kama ni miezi sita baadaye na hata kama hayasisimui.

Simaanishi kila dai kubwa ni la kutupwa. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wakiwa katika maabara ya IBM karibu na Zürich, walitangaza kwamba aina fulani ya kauri inakuwa superkondakta kwenye joto ambalo halikuwa likitarajiwa. Kauri! Wengi walilipokea kwa mashaka. Watafiti wa Tokyo wakarudia, wa Houston wakarudia, ikakubali kote. Mwaka 1987 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Kilichowatofautisha na watu wa LK-99 hakikuonekana siku ya tangazo, maana siku hiyo madai yote mawili yalisikika kama ndoto. Kilionekana pale mtu wa mji mwingine alipowasha tanuru lake.

Sasa hivi kuna dai jingine mezani. Februari 2025 Microsoft ilitangaza chipu iitwayo Majorana 1 ya kompyuta ya kwantamu, yaani kompyuta inayotumia tabia za chembe ndogo mno kufanya hesabu, ikisema imejengwa juu ya hali ya pekee ya elektroni ambayo itapunguza makosa ya kompyuta hizo. Makala iliyoambatana na tangazo ilichapishwa katika jarida la Nature, lakini faili la mapitio lililowekwa pamoja nayo, lenye kumbukumbu za ukaguzi wa makala hiyo, linasema wazi kwamba matokeo hayo si ushahidi wa kuwepo kwa hali hiyo. Tangazo la kampuni lilikuwa na uhakika kuliko makala yake yenyewe. Na katika fani hiyohiyo, makala ya 2018 iliyodai kuigundua hali hiyo ilikuja kufutwa na waandishi wake mwaka 2021, baada ya wenzao kuomba data kamili na kuichambua upya.

Inawezekana safari hii wamepata. Ningefurahi sana, kwa sababu kompyuta ya kwantamu isiyokosea ovyo ingesaidia kuchunguza dawa na madini kwa namna tusiyoweza leo. Ila swali langu kwa kila anayenitumia habari hiyo bado ni hili: ni maabara gani nyingine, isiyolipwa na kampuni, imepima na kuona vilevile?