Nashona kwa Ajili Yangu

Harufu ya maharage yaliyoungua ndiyo iliyoniondoa kwenye cherehani. Nilikuwa napiga marinda ya gauni la binti yangu, kitenge cha njano chenye maua ya bluu, nikasema nimalize upande mmoja tu kisha niende kuongeza maji. Nilipofika jikoni sufuria ilikuwa imeshika chini na moshi umejaa mpaka sebuleni. Kaka yake, mwenye miaka saba, alikuwa amelala kwenye kochi na sare ya shule, viatu miguuni, daftari la hesabu kifuani. Asubuhi yake akaniambia, "Mama, jana nilikuita mara tatu."

Usiku ule tulikula chipsi, maharage yakaisha hapo. Hizo mara tatu ndizo nimekaa nazo.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikimwambia kila mtu kwamba nashonea watoto. Mume wangu akiuliza tunalala saa ngapi, namwambia nashonea watoto. Dada yangu akipiga simu Jumapili nikimjibu nusunusu, ni hivyohivyo. Nafanya kazi ya uhasibu, natoka Tabata saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa moja jioni, foleni ya Mandela ikiwa mbaya hata saa mbili. Muda wote unaobaki ni wao, na kidogo ninachokitumia kwenye cherehani nacho nilikuwa nakiandika kwenye hesabu yao.

Basi nifanye hesabu kweli, maana ndiyo kazi yangu. Gauni la mtoto wa miaka minne linakula kama yadi moja na nusu, lakini mimi hununua pisi nzima ya yadi sita pale Mtaa wa Uhuru kwa sababu rangi imenivutia. Weka uzi, lastiki, vifungo, na zipu niliyoishona vibaya nikaifumua mpaka kitambaa kikachanika. Gauni zuri la mtumba nalipata Karume kwa elfu mbili au tatu. Fundi wa mtaani kwetu kwa elfu nane ananipa gauni kesho yake, kola imekaa kama ya dukani. Langu linachukua jioni tatu na Jumamosi. Mama mwenzangu anayesema anashona nyumbani ili kubana matumizi, namwomba ahesabu na saa zake.

Wapo wanaonisifia kwamba ni uzalendo, tunaikataa mitumba. Ningependa iwe hivyo. Bibi yangu alivaa vitenge vya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na alivisifia mpaka uzeeni kwamba havichuji. Lakini jambo la mitumba limewashinda wakubwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana iondoke sokoni ifikapo 2019. Rwanda ilipopandisha ushuru na kushikilia msimamo, Marekani mwaka 2018 ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo kule bila ushuru chini ya AGOA, mpango wake wa biashara na nchi za Afrika. Wengine tukarudi nyuma, na mabelo ya mitumba yanaendelea kufunguliwa kila asubuhi. Gauni moja la marinda la Tabata haliongezi wala halipunguzi kitu hapo.

Nashona kwa sababu napenda kushona. Imenichukua muda mrefu kulitamka.

Napenda kuloweka kitenge kipya usiku ili kirudi kabla sijakikata, na asubuhi kukiona kimelainika, wanga umetoka, kinaanguka mkononi kama khanga ya zamani. Napenda sauti ya cherehani ya bibi, Singer nyeusi ya kukanyaga, herufi zake za dhahabu zimefutika pale alipokuwa akiegemeza kiganja. Na kuna ile sehemu ya kwapa. Mkono wa gauni huwa mpana kidogo kuliko tundu unaloingia, kwa hiyo inabidi uupunguze kwa vidole, pini baada ya pini, bila kuacha kikunjo hata kimoja. Dakika zile ishirini sifikirii marejesho ya mkopo, sifikirii ripoti ya mwisho wa mwezi. Nafikiria kitambaa tu. Sina mahali pengine popote duniani panaponipa hilo.

Tatizo likaanzia kwenye ule uongo mdogo. Kama nashonea watoto, basi kila saa ninayoongeza ni upendo, na nani atamwambia mama apunguze upendo? Hakuna aliyeweza kuniambia basi, hata mimi mwenyewe. Mwanangu aliniita mara tatu, na masikio yangu yalikuwa na ruhusa ya kutosikia kwa sababu mikono yangu ilikuwa inamfanyia dada yake kitu kizuri. Binti mwenyewe hakuwa ameomba gauni. Alikuwa ameomba nimsuke.

Ninachoamini sasa, na ninajua baadhi ya kina mama hawatakubaliana nami, ni kwamba tumezoeshwa kuomba ruhusa ya kila tunachokipenda kupitia watoto. Baba akienda kibandani kuangalia Simba na Yanga, hakuna anayemtaka aeleze watoto watafaidika nini. Anakwenda, dakika tisini zinaisha, anarudi. Starehe yake ina jina lake na ina mwisho. Ya kwangu haikuwa na jina, ndiyo maana haikuwa na mwisho.

Nilimweleza mume wangu hivyo hivyo, bila kuzungusha: nataka saa tatu kila Jumamosi, ni zangu, siyo za watoto. Alinyamaza kidogo, akaniuliza mbona sikusema siku zote hizi. Tangu hapo kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja yeye ndiye anayeitwa. Siku za kazi cherehani inakaa imefunikwa kwa khanga, na jioni nakaa na daftari la hesabu na yule wa darasa la pili. Tunasumbuka na kutoa kwa kukopa. Bado kuna siku natamani kuifunua ile khanga mpaka vidole vinawasha, na kuna siku moja nimeifunua.

Jumamosi iliyopita nilimpima binti upya, maana amerefuka. Kila tepu ikigusa kifua anavuta pumzi na kuishika, mashavu yamejaa, kwa hiyo inchi zinakuja nyingi kuliko zilivyo. Nikamwambia apumue. Akapumua, ikashuka mpaka ishirini na tatu. Pindo nimeliachia inchi mbili za kushusha mwakani. Mkono wa kulia umeingia vizuri, sikufumua hata mara moja. Wa kushoto ulikuwa na pini zake zote ilipofika saa kumi na moja. Nikaacha sindano juu, nikafunika, nikaenda kumsuka.