Kusaka majibu bila ya kuelewa habari

Mitihani ya kidato cha pili ikikaribia, ufahamu husomeshwa kwa agizo moja linalojulikana na kila mwanafunzi wa Unguja na Pemba: anza na maswali, kisha rudi kwenye kifungu uyasake majibu. Kusaka huko kuna mwenziwe, kupitia habari juu juu: unaangalia kichwa, sentensi ya mwanzo ya kila aya na aya ya mwisho, ujue habari inahusu nini. Walimu wamegawika juu ya mbinu hizi.

Wanaozitetea huanzia kwenye saa ya mtihani. Mwanafunzi wa Micheweni, Pemba, aliyesoma masomo mengi ya msingi kwa Kiswahili anafika sekondari na kukuta masomo mengi yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Akisimama kwenye kila neno asilolijua, muda unamwishia katikati ya ukurasa. Akijua mapema kwamba habari inahusu karafuu, bei na magendo, maneno magumu mengi atayakisia, kwani mambo ya karafuu anayajua tangu nyumbani. Hapa nawaunga mkono kabisa. Na kusaka tunakuhitaji sote: hakuna anayeisoma ratiba ya boti za bandari ya Mkoani mwanzo mpaka mwisho.

Lakini tazama sentensi hii isiyo na maana yoyote: "Virombe vilishubika katika mbuzulo wa Tage." Swali: Virombe vilishubika wapi? Mtoto yeyote atajibu "katika mbuzulo wa Tage" na kupata alama kamili. Hiyo ndiyo hoja ya wanaopinga, na kwangu ni nzito kuliko ya kwanza. Mwaka 1986 watafiti Gough na Tunmer walieleza kwamba ufahamu ni zao la kuzidisha mambo mawili, kuyatambua maandishi na kuielewa lugha. Moja likiwa sifuri, zao nalo ni sifuri. Kusaka hakuongezi hata moja kati ya hayo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na mtafiti wa usomaji Keith Rayner na wenzake mwaka 2016 nao ulionesha kwamba msomaji akizidisha kasi, uelewa hupungua. Anayepitia juu juu kwa faida ni yule aliyekwisha kuwa msomaji mzuri.

Kiswahili kina hatari yake ya ziada. Ukanushi wetu umejificha ndani ya kitenzi. "Wakulima waliosajiliwa watapewa miche" na "wakulima wasiosajiliwa watapewa miche" ni habari mbili zinazopingana, na jicho linalokimbilia "wakulima" na "miche" haliioni tofauti.

Wengine hukilaumu chuo cha Kurani: eti mtoto aliyezoea kuipa kila herufi haki yake katika Kurani hawezi kusoma kwa haraka. Lawama hiyo siikubali. Jicho lililolelewa hivyo haliruki silabi, na hiyo ni akiba kubwa. Anachokosa mtoto ni kuulizwa maana ya anachokisoma, na hilo ni jukumu la mwalimu wa skuli.

Kwa hiyo mbinu hizi zisomeshwe, ila zisisubiri miezi ya mtihani wala zisianzie kwenye Kiingereza. Zianze darasa la tano kwa Kiswahili, kwa habari za gazeti la Zanzibar Leo, matangazo na ratiba. Mtoto apitie juu juu, aseme anadhani habari inahusu nini, kisha aisome yote kwa utulivu aone alipokosea. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa, na bila hiyo zoezi zima ni kubahatisha tu. Inahitaji pia karatasi mkononi. Kifungu kilichonakiliwa ubaoni na mwalimu, mwanafunzi amekwisha kukifuata neno kwa neno kabla ya kukipitia.

Watunga mitihani nao wana sehemu yao. Swali likirudia maneno yaleyale ya kifungu, mwalimu atasomesha kusaka, na simlaumu. Swali likiuliza kwa nini mkulima alikataa kuuza, ilhali sababu imetawanyika katika aya tatu, itambidi asomeshe kusoma.